Mlima wa Siku Moja: Hesabu ya Mzee Anayepanda Hanang

Mwezi Julai 2019 Bi. Anne Lorimor, raia wa Marekani, alifika kilele cha Uhuru katika Mlima Kilimanjaro akiwa na umri wa miaka 89. Kilele hicho kina mwinuko wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Habari ya namna hiyo huweza kumfanya mtu aamini kwamba mlima wa mita 3,420 hivi, kama Hanang ulioko mkoa wa Manyara, ni matembezi mepesi kwa mzee yeyote mwenye afya njema. Imani hiyo si sahihi. Kilimanjaro hupandwa kwa siku kadhaa, na kila usiku mwili hupata nafasi ya kupumzika na kuizoea hewa. Hanang, kwa kawaida, hupandwa na kushukwa katika siku ile ile moja. Kwa hiyo kinachompima mzee katika Hanang si urefu wa mlima peke yake, bali ni saa.

Makala haya yana shabaha ya kueleza jinsi elimu ya mwili wa binadamu na hesabu za darasani zinavyoweza kutumika kuipanga safari hiyo, hasa pale ambapo vijana wa shule, walimu wao na wazee wanapanda pamoja.

Hewa ya mlimani

Watu husema kwamba juu ya mlima oksijeni ni chache. Usemi huo wahitaji kufafanuliwa. Katika kila sehemu 100 za hewa, oksijeni huwa karibu sehemu 21, iwe ni pwani ya Tanga au kileleni Hanang. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa yote kwa jumla. Katika mji wa Katesh, ulio chini ya mlima kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,800, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya usawa wa bahari. Kileleni hubaki kama theluthi mbili tu. Kila pumzi, basi, huingiza mapafuni oksijeni pungufu, na damu hubeba mzigo mdogo zaidi kuipelekea misuli. Mwili hujitetea kwa kupumua upesi zaidi na kwa kuongeza mapigo ya moyo.

Ugonjwa wa mwinuko, ambao dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu, huweza kumpata mtu anapopita mita 2,500. Jambo la kutia moyo ni kwamba umri mkubwa peke yake hauongezi hatari ya ugonjwa huo. Aidha, mara nyingi dalili huanza saa kadhaa baada ya kufika juu, wakati ambapo mpandaji wa siku moja amekwisha kuanza kushuka. Hata hivyo, dalili zikijitokeza, dawa ya kwanza ni kuteremka, wala si kungoja. Kwa mtu atokaye pwani, kulala usiku mmoja au miwili Katesh kabla ya kupanda ni tahadhari yenye manufaa makubwa.

Umri na injini ya mwili

Mwili wa mtu una kiwango cha juu kabisa cha oksijeni unachoweza kukitumia kwa dakika moja. Kiwango hicho ni mfano wa nguvu ya injini ya gari. Baada ya umri wa miaka 30 hivi, kwa watu wengi hupungua karibu asilimia 10 kwa kila miaka kumi, ingawa kwa wale wanaoendelea na kazi za shamba au mazoezi hupungua polepole zaidi. Moyo nao hauwezi tena kwenda mbio kama zamani. Wataalamu hukadiria mapigo ya juu kabisa kwa kuzidisha umri kwa 0.7, kisha kuondoa jibu hilo katika 208. Kijana wa miaka 20 hupata mapigo 194 kwa dakika. Mzee wa miaka 65 hupata kama 163.

Tuchukue mfano wa mzee wa miaka 65 ambaye, akiwa pwani, aweza kutumia mililita 28 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wake kwa dakika. Kupanda mlima kwa mwendo wa kuinuka mita 300 kwa saa huhitaji kama mililita 15. Pwani kazi hiyo ingekuwa asilimia 54 ya uwezo wake, nayo aweza kuistahimili kwa muda mrefu. Karibu na kilele cha Hanang uwezo wake umeshuka hadi mililita 23 hivi. Kazi ile ile sasa ni asilimia 65, na uchovu huja haraka. Lakini akipunguza mwendo hadi mita 200 kwa saa, mahitaji hushuka hadi mililita 11, yaani karibu nusu ya uwezo wake. Hapo ndipo ilipo siri ya mwendo wa pole pole: mzee apunguzaye hatua kileleni anafanya kazi sawa na ile aliyoifanya chini kwa mwendo wa upesi zaidi.

Kipimo chepesi cha mwendo ufaao ni mazungumzo. Mpandaji akiweza kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo unafaa. Akitamka maneno mawili matatu kisha akihema, mwendo umezidi.

Kuhesabu kutoka machweo

Mwaka 1892 Mskoti aitwaye William Naismith alitoa kanuni ya kukadiria muda wa safari za milimani: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi za njia, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kutoka mita 1,800 hadi 3,420 ni kama mita 1,600. Kwa kanuni hiyo, kupanda peke yake huongeza saa 2 na dakika 40 juu ya muda wa kutembea njia yenyewe. Kanuni hiyo hufaa kwa watu wenye nguvu katika milima mifupi ya Uskoti. Mzee wa Hanang ahitaji hesabu yake mwenyewe, nayo ianzie mwisho wa siku, si mwanzo wake.

Kwa kuwa Hanang iko karibu na ikweta, urefu wa mchana hauachani sana na saa 12 mwaka mzima. Jua hutua karibu saa 12.30 jioni, na giza huingia upesi. Saa hiyo haibembelezwi. Hesabu yaweza kupangwa hivi:

(a) Mita 800 za kwanza kwa mwendo wa mita 300 kwa saa: saa 2 na dakika 40.
(b) Mita 800 za juu kwa mwendo wa mita 200 kwa saa: saa 4.
(c) Mapumziko mafupi wakati wa kupanda: dakika 50.
(d) Kushuka mita 1,600 kwa mwendo wa mita 400 kwa saa: saa 4.
(e) Mapumziko ya kushuka: dakika 30.

Jumla ni saa 12 kamili. Wakiondoka saa 11.30 alfajiri, kwa mwanga wa tochi, watafika kileleni saa 7 mchana na kurudi chini saa 11.30 jioni. Akiba yao ni saa moja tu. Wakichelewa kuondoka kwa saa moja, akiba hiyo imekwisha kabla mguu haujatikisa umande. Kwa sababu hiyo saa 7 mchana lazima iwe saa ya kugeuka, hata kama kilele kinaonekana hatua chache mbele.

Katika jamii zetu si rahisi kijana kumwambia mzee, "Turudi." Mzee naye huona haya kuwa sababu ya wengine kukosa kilele, hivyo hujikaza kupita kiasi chake. Dawa ya hali hiyo ni kuipanga saa ya kugeuka jioni ya kabla ya safari, kila mtu akisikia na kukubali. Hapo anayeamuru si kijana wala mzee, bali ni makubaliano. Vilevile mzee atangulie mbele na kuongoza mwendo. Akiachwa nyuma, kila mara atawakuta wenzake wamekwisha kupumzika na wako tayari kuondoka.

Kushuka, maji na baridi

Wengi hudhani kwamba kazi imekwisha mtu akifika juu. Kwa viungo vya mzee, sehemu ngumu ndiyo kwanza huanza. Wakati wa kuteremka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: hukaza huku ikivutwa, na magoti hupokea mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Misuli hupungua kadiri umri unavyoongezeka, na mguu uliochoka hujikwaa. Fimbo mbili, moja kila mkono, huhamishia mikononi sehemu ya mzigo huo. Mazoezi ya kushuka vilima au ngazi kwa wiki kadhaa kabla ya safari huizoeza misuli hiyo.

Jambo la pili ni maji. Hisia ya kiu hufifia uzeeni, hivyo mwili waweza kupungukiwa na maji pasipo mzee kujua. Ni heri anywe kidogo kidogo kwa kufuata saa, si kwa kungoja kiu. Lita 4 hadi 5 kwa mtu mmoja ni kadirio linalofaa, na ni salama kupanga kwamba maji yote yatabebwa kutoka chini. Kwa kuwa lita moja ina uzito wa kilo moja, vijana wachukue mzigo huo.

Tatu ni halijoto. Hewa hupoa kwa karibu nyuzi 6.5 za sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kileleni, basi, kuna baridi kuliko Katesh kwa nyuzi kama 10. Upepo na nguo mbichi huongeza baridi hiyo, na mwili wa mzee hauzalishi joto upesi kama wa kijana. Koti la mvua na sweta kavu havifai kuachwa nyumbani.

Mwisho, mzee amwone daktari kabla ya safari. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu huzuia moyo kuongeza mapigo, na nyingine hutoa maji mwilini. Dawa zisiachwe kwa shauri la mtu mwenyewe.

Majira na idhini

Msimu mwafaka ni miezi mikavu, kuanzia Juni hadi Oktoba. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, maporomoko ya tope na mawe kutoka mlimani yaliukumba mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mvua ikinyesha, safari iahirishwe. Msitu wa mlima huo umehifadhiwa, hivyo kibali na mwongozaji anayeijua njia ni sharti la safari.

Zoezi kwa wanafunzi

Pima mapigo ya moyo ya mzee wa nyumbani kwenu, kwa ridhaa yake, akiwa ameketi na baada ya kutembea dakika kumi. Linganisha na mapigo yako mwenyewe baada ya mwendo ule ule. Kisha kokotoa upya ratiba iliyotolewa hapo juu ukichukua kwamba mwendo wake juu ya mlima ni mita 150 kwa saa. Utaona kwamba kilele hakifikiki kwa wakati kama waliondoka saa ile ile, na kwamba ratiba iliyo sahihi ni ile inayomfikisha kwenye mgongo wa mlima, akatazama bonde, akala chakula chake, akageuka. Mzee huyo hakushindwa. Amekwisha kupanda mlima kwa hesabu, na jua litakapotua litamkuta nyumbani.