Liriomyza trifolii

Liriomyza trifolii ni spishi ya nzi wadogo wa familia Agromyzidae katika oda Diptera. Lava wake huishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, na huacha vijia vyeupe vinavyopindapinda. Wadudu wenye tabia hiyo huitwa vidomozi. Asili ya spishi hii ni Amerika, lakini siku hizi imeenea katika mabara mengi. Hushambulia maharagwe, nyanya, viazi, matango, vitunguu na maua kama krisanthemum.

Maisha

Jike hutoboa jani kwa neli yake ya kutagia. Matundu mengi ni ya chakula tu: hunyonya utomvu unaotoka. Dume hana neli hiyo, kwa hiyo hunywa katika matundu ya majike. Matundu haya huonekana kama vitone vyeupe. Katika baadhi yake jike hutaga yai moja moja, nalo huanguliwa baada ya siku 2 hadi 5. Lava hana miguu. Mwanzoni hana rangi, kisha huwa njano hadi machungwa na kufikia urefu wa takriban mm 3. Akikomaa hukata mwanya wa nusu duara, hutoka ndani ya jani na kwa kawaida huangukia udongoni, ambako huwa bundo (pupa).

Utambuzi

Mpevu ana urefu wa takriban mm 2. Kichwa ni njano na macho ni mekundu. Spishi mbili zinazofanana naye sana ni L. sativae na L. huidobrensis. Zifuatazo ni tofauti zao:

* Mgongo wa kidari wa L. trifolii ni mweusi-kijivu usiong'aa. Ule wa L. sativae ni mweusi unaong'aa.
* Nywele ngumu mbili zilizo nyuma ya kila jicho huota penye rangi ya njano. Kwa L. huidobrensis huota penye rangi nyeusi.
* Kila kitundu cha kupumulia cha nyuma cha lava kina vinyweleo vya hewa 3; kwa L. huidobrensis ni 6 hadi 9.
* Vijia vya L. trifolii huonekana upande wa juu wa jani, vya L. huidobrensis mara nyingi hufuata mishipa ya jani.

Vijia peke yake havitoshi kutaja spishi, kwa sababu umbo lake hutegemea pia mmea na umri wa jani. Uhakika hupatikana kwa kuchunguza viungo vya uzazi vya dume kwa hadubini au kwa kupima DNA.

Usambazaji Afrika ya Mashariki

Spishi hii iliingia Kenya mwaka 1976 pamoja na vipandikizi vya krisanthemum kutoka Florida, Marekani. Baadaye spishi zile mbili nyingine zilionekana pia nchini humo. L. huidobrensis hupatikana hasa nyanda za juu.

Madhara na udhibiti

Majani yenye vijia vingi hushindwa kutengeneza chakula cha mmea, hukauka na kudondoka. Miche huweza kufa. Mboga na maua ya kuuzwa nje huweza kukataliwa yakikutwa na lava hai.

L. trifolii hujulikana kwa usugu dhidi ya viuawadudu vingi. Tena, kupulizia ovyo huua nyigu wa kidusia, kama Diglyphus isaea, ambao lava wao hula lava wa nzi huyu. Nyigu hao wakitoweka, vidomozi huongezeka.