Akitoka jela, jina lake hubaki daftarini

Katika kaunti za mashambani nchini Marekani, mtu aliyefungwa kwa kunajisi mtoto huandikwa jina, picha na makao, na kila jirani anaweza kusoma. Je, daftari hilo linalinda watoto?

HEBU tuseme, msomaji, kwamba mpangaji mpya amehamia katika ploti mnayoishi. Ni mtu mpole. Husalimu watu kwa heshima, huwanunulia watoto peremende pale kioskini, na amejitolea kuwafundisha hisabati kila Jumamosi bila malipo. Akina mama wote wanamsifu. Sasa jiulize: unajua alikotoka? Na kama aliwahi kufungwa kwa kumnajisi mtoto katika mji mwingine, nani angekuambia?

Hapa kwetu habari kama hizo huja kwa uvumi, tena mambo yakiwa yamekwisha kuharibika. Wamarekani waliamua kulijibu swali hilo kwa daftari. Leo zaidi ya watu 700,000 wameandikwa katika madaftari ya wakosaji wa ngono nchini humo. Mijini kazi hiyo ina maafisa wake maalum. Lakini ukitaka kuelewa daftari hilo linavyofanya kazi, pamoja na mahali linaposhindwa, afadhali uende mashambani.

Twende basi katika jimbo la Iowa. Hilo ni jimbo la wakulima: mahindi, soya na nguruwe. Jimbo zima lina watu wapatao milioni 3.2, yaani wachache kuliko wakazi wa Nairobi, nao wamegawanywa katika kaunti 99. Kaunti yenye watu wachache zaidi, Adams, haifikishi watu 4,000.

Mbele ya sherifu

Katika kila kaunti kuna sherifu. Usimfananishe na chifu wetu, wala na mkuu wa kituo cha polisi, kwa maana sherifu huchaguliwa kwa kura na wananchi. Ndiye husimamia jela ya kaunti, hupeleka hati za mahakama na hulinda usalama katika barabara za vijijini. Kazi ya daftari nayo imewekwa mabegani mwake.

Mtu aliyepatikana na hatia akitoka jela, ana siku tano za kazi kufika katika ofisi ya sherifu wa kaunti anamoishi. Hawezi kutuma barua wala kupiga simu. Lazima afike mwenyewe. Hapo hupigwa picha, huchukuliwa alama za vidole na za viganja, kisha huandikisha anakolala, anakofanya kazi, chuo anachosoma kama ni mwanafunzi, gari analoendesha, nambari ya simu na hata majina anayotumia katika mtandao wa intaneti. Kila mwaka hulipa dola 25 kwa ajili ya kuandikwa huko.

Huo ni mwanzo tu. Akihama nyumba, akibadilisha kazi au akijiunga na chuo, ana siku tano za kazi za kurudi kusema. Hata safari ya kuondoka nyumbani kwa zaidi ya siku tano lazima sherifu aijue. Mwenye kosa la daraja la chini hufika mara moja kwa mwaka ili kuhakikishwa, wa daraja la kati kila miezi sita, na wa daraja la juu kila miezi mitatu. Wengi huandikwa kwa miaka 10, na wale wa makosa mazito hukaa humo maisha yao yote.

Asiyefika hutenda kosa jipya. Kwa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka miwili, na akirudia, hadi miaka mitano.

Kutoka kwa sherifu, habari hizo huenda kwa Idara ya Usalama wa Umma ya jimbo, ambayo huziweka katika mtandao. Mama aliye shambani hufungua simu yake, akaandika mahali anapoishi, na kuona picha za walioandikwa katika ujirani wake. Akitaka, hutumiwa ujumbe mmoja wao akihamia karibu. Serikali ya kitaifa nayo ina tovuti inayounganisha madaftari ya majimbo yote.

Watoto wawili

Mambo haya hayakuanza jana. Jimbo la California lilikuwa na daftari tangu mwaka 1947, lakini lilikuwa la polisi peke yao. Ni misiba ya watoto wawili iliyobadilisha mambo.

Wa kwanza ni Jacob Wetterling, mvulana wa miaka 11. Usiku wa Oktoba 22, 1989, alikuwa akirudi nyumbani kwa baiskeli pamoja na ndugu yake na rafiki yao, katika barabara ya mashambani karibu na mji mdogo wa St. Joseph, jimbo la Minnesota. Mtu aliyefunika uso, mwenye bastola, aliwasimamisha. Aliwaamuru wenzake wakimbie bila kutazama nyuma, akamchukua Jacob. Mamake, Patty Wetterling, alipigania sheria, na mwaka 1994 bunge la Marekani likapitisha sheria yenye jina la mwanawe. Kila jimbo likatakiwa kuwa na daftari.

Wa pili ni Megan Kanka, msichana wa miaka saba kutoka New Jersey. Mnamo Julai 1994 jirani aliyeishi ng'ambo ya barabara alimwita akamtazame mtoto wa mbwa. Megan hakutoka humo akiwa hai. Jirani huyo alikuwa amepatikana na hatia mara mbili kwa makosa dhidi ya watoto, na wazazi wa Megan hawakujua neno. Ndipo mwaka 1996 Rais Bill Clinton akatia sahihi sheria ya kutaka wananchi waelezwe. Mwaka 2006 ikaja sheria nyingine, inayoitwa Adam Walsh, iliyoongeza ukali na kuweka madaraja matatu.

Sasa, msomaji, tazama tofauti ya watoto hawa. Wazazi wa Megan wangekuwa na daftari, huenda wangemkanya mtoto wao asikanyage nyumba ile. Lakini je, Jacob? Mifupa yake ilipatikana Septemba 2016, karibu miaka 27 baadaye, pale mwuaji wake alipokiri na kuwaonyesha polisi alipomzika. Polisi walikuwa wamemhoji mtu huyo tangu mwanzo. Hata hivyo, usiku ule wa 1989 hakuwa amewahi kupatikana na hatia ya kosa la ngono. Hata kama daftari lingekuwapo, jina lake lisingekuwamo.

Hapo ndipo penye nguvu ya daftari, na hapo ndipo penye udhaifu wake. Linamtaja yule aliyekwisha kukamatwa, akashtakiwa, akahukumiwa. Wengine wote halina habari nao.

Ugumu wa mashambani

Daftari hutegemea mtu wa kulifuatilia. Sherifu wa kaunti ndogo ana manaibu wachache, na nyumba ziko mbalimbali. Kuhakikisha kwamba fulani kweli analala pale alipoandikisha ni safari ya kilomita nyingi za barabara ya kokoto. Kwa upande wake, mtu aliyetoka jela, hana gari na hana kazi, hutakiwa afike mjini mahali ambapo hakuna matatu wala basi. Akikosa siku yake, anarudi kizuizini.

Iowa ilijifunza jambo jingine kwa uchungu. Mwaka 2002 ilipitisha sheria ya kumkataza aliyemkosea mtoto kuishi ndani ya futi 2,000, yaani kama mita 610, kutoka shule au kituo cha kulelea watoto. Masikioni ilisikika vizuri. Lakini chukua ramani ya mji mdogo wenye shule moja katikati, uizungushie duara la futi 2,000. Mara nyingi karibu mji wote humo ndani! Mahakama zilipokwisha kuiidhinisha sheria hiyo mwaka 2005, wakosaji walifukuzwa mijini wakajazana katika nyumba za wageni za barabarani na vibanda vya shambani. Wengine walilala ndani ya magari yao. Idadi ya wasiojulikana walipo ikaongezeka zaidi ya maradufu.

Waliopiga kelele hawakuwa mawakili wa wafungwa. Ni waendesha mashtaka wa kaunti wenyewe. Mwaka 2006 chama chao kilitamka kwamba hakuna ushahidi kuwa sheria hiyo ya makao inalinda watoto. Walieleza pia kwamba washtakiwa waliokuwa wakikiri makosa walianza kukana, kwa kuogopa kufukuzwa makwao maisha. Mshtakiwa akikana, mtoto hulazimika kusimama mahakamani. Kesi ikianguka, hakuna jina la kuandika. Mwaka 2009 Iowa ililegeza sheria hiyo, ikabakia kwa wenye makosa mazito zaidi. Badala yake iliwekwa marufuku ya kuingia shuleni au katika maktaba ya umma bila ruhusa ya maandishi, na kuzurura karibu na mahali pa watoto.

Tena kuna aibu ya kijiji. Daftari halitaji jina la mtoto aliyedhulumiwa. Lakini katika kijiji cha watu mia tatu, baba akiandikwa kwa kosa dhidi ya mtoto, nani asiyejua ni mtoto yupi? Kwa sababu hiyo mama mwingine huamua kunyamaza.

Na ninyi wanafunzi, msidhani hii ni habari ya wazee peke yao. Katika madaftari ya Marekani wamo walioandikwa wakiwa bado watoto wenyewe. Sheria ya 2006 inagusa hata kijana wa miaka 14 kwa makosa mazito zaidi. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwaka 2013 kuhusu vijana kama hao, waliokua huku jina likiwafuata shuleni na kazini. Hata Patty Wetterling, mama aliyeanzisha vita hivi, amesema hadharani kwamba madaftari yamepanuliwa kupita kiasi.

Kikulacho ki nguoni mwako

Wahenga hawakukosea. Ripoti ya Idara ya Haki ya Marekani ya mwaka 2000 ilichunguza dhuluma za kingono zilizoripotiwa kwa polisi. Kwa waathiriwa walio chini ya miaka 18, wadhalimu waliokuwa wageni kabisa kwao ni asilimia 7 pekee. Asilimia 34 walikuwa watu wa familia, na asilimia 59 watu waliojulikana: jirani, rafiki wa nyumbani, mtu wa kuaminika. Mzazi anayekagua daftari kila jioni na kumwachia mjomba watoto bila swali amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Na sisi je?

Sheria yetu ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, iliyowasilishwa bungeni na Njoki Ndung'u akiwa mbunge mteule, nayo inataka kuwe na daftari la waliopatikana na hatia, chini ya Msajili wa Mahakama Kuu. Aidha, kifungu cha 30 kinasema aliyewahi kupatikana na hatia akiomba kazi ya kutunza watoto na kuficha jambo hilo, anaweza kufungwa miaka isiyopungua mitatu, au kutozwa faini isiyopungua Sh50,000, au yote mawili. Tume ya TSC nayo huchapisha majina ya walimu iliowafuta katika orodha yake.

Lakini majina hayo yatatoka wapi ikiwa kesi zinamalizwa chini ya mti? Tunajua mambo yalivyo. Mtoto ananajisiwa, wazee wanaketi, mbuzi wawili watatu wanatolewa, na mambo yanakwisha. Mkosaji hahukumiwi. Mwaka unaofuata amehamia mjini, amekuwa mpangaji mpole katika ploti ya watu. Sherifu wa Iowa mwenye kompyuta bora duniani hawezi kumwandika mtu ambaye hakushtakiwa.

Kwa hiyo daftari huanzia kwa mzazi. Mtoto akisema jambo, msikilize bila kumfokea. Mpeleke hospitalini upesi, kabla saa 72 hazijapita, kwa maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazingojei. Usimwoshe. Nguo alizovaa zifunge kwa karatasi, si kwa mfuko wa plastiki. Nenda kituo cha polisi ukachukue fomu ya P3. Nambari 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo, na 1195 ni ya dhuluma za kijinsia.

Mwajiri wa mlezi au mwalimu wa nyumbani aulize cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa idara ya upelelezi, na azungumze na waliomwajiri mtu huyo hapo awali. Hilo si tusi. Mtu mwema hataona ubaya kuulizwa.

Na yule mpangaji wa hisabati? Huenda ni mtu safi kabisa, hivyo usimzushie. Mwambie tu masomo yatakuwa pale uani, mbele ya watu, mama mmoja akichambua mboga karibu. Kama nia yake ni hisabati, ubao utatosha pale nje.