Ofa ya Vitabu: Nani Anailipia?

Ukiingia duka la vitabu Musoma mjini, mara nyingi umeingia duka la madaftari. Mbele kuna rimu za karatasi, kaunta buku, boksi za kalamu, mabegi ya shule na mashine ya fotokopi inayopuliza joto karibu na mlango. Biblia na vitabu vya nyimbo vina kona yao. Vitabu vya kusoma vimepangwa ukutani, nyuma ya muuzaji, ambako mteja hafikishi mkono, na vingi ni vile ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa vya lazima kwenye fasihi ya sekondari: Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, Ngoswe ya Edwin Semzaba. Mzazi anakuja na karatasi ya mwalimu, anataja majina, anauliza bei, anaomba apunguziwe, analipa, anaondoka. Hakuna aliyemshauri kitu. Ushauri ulishatolewa shuleni.

Duka la namna hii likitaka kuchangamsha biashara, wazo la kwanza huwa ni kushusha bei. Picha inawekwa kwenye status ya WhatsApp: punguzo la asilimia 20 hadi mwisho wa mwezi. Kwa duka dogo la vitabu katika mkoa wa Mara, hiyo mara nyingi ni ofa mbaya, na tuone sababu zake polepole, kwa hesabu kwanza.

Tuchukue kitabu kinachouzwa shilingi 20,000, ambacho mchapishaji amempa mwenye duka kwa pungufu ya asilimia 30. Kimemgharimu 14,000, kwa hiyo juu yake kuna 6,000. Hiyo si faida bado. Humo humo kuna nauli ya kifurushi cha basi kutoka Dar es Salaam hadi stendi ya Bweri, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, kuna pango, kuna umeme, kuna kijana wa dukani. Sasa akikata asilimia 10 ya bei, amekata 2,000, yaani theluthi nzima ya kile kilichokuwa chake. Palipotosha nakala mbili, sasa lazima auze tatu ili abaki palepale. Akikata asilimia 20, anabakiwa na 2,000 kwa kila nakala, na palipotosha nakala moja sasa anahitaji tatu. Mchapishaji hapunguziwi kitu na wenye basi wala hawajui kama kuna ofa. Anayelipia ni mwenye duka peke yake.

Watu hudhani vitabu vina nafasi kubwa ya kupunguzwa kwa kuwa havina VAT. Ni kweli, vitabu vimesamehewa VAT, ndiyo maana huioni ile asilimia 18 kwenye risiti. Ila kusamehewa si sawa na kutozwa kwa kiwango cha sifuri. Mwenye bidhaa ya kiwango cha sifuri hudai arudishiwe VAT aliyolipa kwenye gharama zake. Mwenye bidhaa iliyosamehewa hana dai hilo, na kodi aliyokwisha kulipa njiani inabaki imezama ndani ya bei ya kitabu.

Wenzetu wameligombania sana jambo hili. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 1981 inayozuia muuzaji kupunguza zaidi ya asilimia 5 ya bei iliyopangwa na mchapishaji, ili duka dogo lisimezwe na kubwa na maduka yashindane kwa huduma na ujuzi. Uingereza ilikuwa na makubaliano ya bei moja tangu mwaka 1900. Yalipovunjika mwaka 1995, maduka makubwa ya vyakula yakaanza kuuza vitabu vinavyotamba kwa bei ya kutupa, na maduka mengi madogo yakafungwa katika miaka iliyofuata. Sisi hatuna sheria kama ya Ufaransa, na sidhani kama tunaihitaji leo, maana Musoma hakuna jitu la kummeza mtu. Lakini mantiki ya Wafaransa ni ya kukopa: duka la vitabu likishindana kwa bei peke yake, limechagua uwanja ambao halina mguu wake.

Tena tujiulize punguzo linamfikia nani. Mzazi mwenye karatasi ya mwalimu atanunua tu, bei ishuke isishuke. Umemzawadia mtu ambaye tayari alikuwa njiani kuja. Asiyesoma kabisa hawezi kugeuka msomaji kwa sababu ya shilingi 4,000. Katikati yao kuna mtu wa tatu, na huyu ndiye mteja hasa: anapenda kusoma, ana hela kidogo, lakini hajui achukue nini. Hofu yake ni kununua kitabu kitakachomchosha ukurasa wa kumi kibaki kinakula vumbi juu ya kabati. Hofu hiyo haiondolewi na punguzo. Inaondolewa na muuzaji aliyekisoma kitabu.

Na wateja wa aina hiyo wapo Mara, pengine wengi kuliko tunavyofikiri. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa wote isingoje 1989, ifikiwe 1977. Watoto walioingia darasa la kwanza kwa msukumo wa Azimio la Musoma leo wamepita miaka 50. Wapo waliostaafu ualimu na uuguzi, wenye miwani na wenye muda. Hawana mwalimu wa kuwaandikia orodha, na maduka yetu yamesahau kwamba wanajua kusoma.

Kwa watu hawa pendekezo zuri linaanzia karibu. Kutoka Bunda unafuata barabara ya Kisorya, unapanda kivuko hadi Rugezi, uko Ukerewe, kisiwa ambacho kwa ukubwa wake kimeipa fasihi yetu zaidi ya kilichodaiwa. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944, na Rosa Mistika yake ya 1971 inaanzia hukohuko. Kiliwahi kuzuiwa mashuleni, jambo ambalo muuzaji mwerevu hasahau kulitaja. Gabriel Ruhumbika ni wa Ukerewe pia, na Miradi Bubu ya Wazalendo ya 1992 bado inawasema watu tunaowafahamu. Halafu yuko Aniceti Kitereza. Huyu alimaliza kuandika hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Miaka 35 ya kungoja. Mwaka uliofuata akafariki.

Sasa fikiria muuzaji wa Bunda anasema: "Shikamoo mzee. Hiki kinahusu mke na mume wa Ukerewe waliokosa mtoto, na ukoo ukawatenganisha. Kuna uvuvi, kuna kilimo, kuna dawa za miti. Mwandishi alikingoja miaka 35." Sentensi nne tu, na mzee amekwisha kunyoosha mkono. Ukimwambia "hiki ni kizuri sana, kinanunuliwa", hujamwambia kitu.

Mapya yanakuja juu ya msingi huo. Kwa aliyesikia kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Nobeli mwaka 2021, ipo Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kwangu mimi ndicho kitabu cha kwanza cha kumpa mtu aliyemaliza Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi akauliza kinachofuata. Kwa wanaopenda siasa na maisha ya watu, Mzee Rukhsa ya Ali Hassan Mwinyi, iliyotoka 2021, ina faida ya kuandikwa kwa Kiswahili chepesi, tofauti na kumbukumbu za Benjamin Mkapa ambazo ziliandikwa kwa Kiingereza. Zipo pia kazi za washindi wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa Aprili 13, 2023, siku ya kuzaliwa Mwalimu, ambapo mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10. Duka la Mara lisilo na hata kazi moja ya tuzo yenye jina la mtu wa Butiama linajipunja lenyewe.

Butiama yenyewe inastahili rafu yake. Wengi wanaotembelea Makumbusho ya Mwalimu Nyerere na Mwitongo wanajua habari za Azimio la Arusha na vita vya Kagera. Wachache wanakumbuka kwamba Rais aliyekuwa madarakani alipata muda wa kutafsiri Shakespeare mara mbili: Julius Caesar, ilitoka 1963 akairekebisha na kuitoa tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo ikafuata Mabepari wa Venisi. Baadaye akaigeuza Injili kuwa utenzi. Mgeni aliyetoka kuona nyumba ya mtu huyo ndiye mnunuzi rahisi kuliko wote duniani, na wengi wanaondoka na picha za simu tu. Meza moja ya vitabu siku ya Oktoba 14 ingeuza bila kupunguza hata senti.

Hapo tumegusa kalenda, jambo ambalo mabango ya ofa hayaliangalii. "Mwisho wa mwezi" una maana kwa mwalimu na mtumishi wa serikali. Kwa watu wa Makoko na Mwigobero, fedha inafuata mwezi wa angani: dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza, mbalamwezi ikikolea mitumbwi inalala na mifuko inalala. Bunda inachangamka msimu wa pamba unapofunguliwa, kuanzia Mei hivi. Januari kila mtu ana ada na sare. Kutangaza riwaya mpya Januari ni kupoteza bando.

Ofa basi iweje? Nianze na ninayoiamini zaidi: ruhusa ya kubadilisha. Mteja anachukua kitabu ulichompendekeza. Akisoma kurasa 30 akaona hakimwingii, akirudishe ndani ya wiki kikiwa safi, achukue kingine cha bei hiyo hiyo. Duka halijapoteza shilingi, kitabu kinarudi rafuni, na ile hofu ya kununua vumbi imekwisha. Inamlazimisha muuzaji kupendekeza kwa uangalifu pia, maana akibahatisha vitabu vitamrudia. (Wanaorudisha kitabu walichokwisha kumaliza watakuwepo. Ukimjua mara mbili, ya tatu unamnyima.)

Ya pili ni kadi ya muhuri: nunua kumi, cha kumi na moja bure. Turudi kwenye kitabu chetu cha 20,000. Kumi ni shilingi 200,000, na juu yake duka lina 60,000. Cha bure kinaligharimu 14,000, linabaki na 46,000. Punguzo la asilimia 10 kwa kumi hizo lingeliachia 40,000, na lingempa sawa mpita njia asiyerudi tena. Kadi inamlipa aliyerudi.

Ya tatu ni kulipa kidogo kidogo. Weka elfu tano, kitabu kiwekewe jina lako, malizia kwa lipa namba giza la dagaa likirudi. Kwa vitabu vya kuagiza kama cha Kitereza, kiasi hicho cha awali ndicho kinachomfanya mwenye duka athubutu kupiga simu Dar. Mwenye duka wa Musoma akikusanya oda za Bunda na Butiama kwenye kifurushi kimoja, nauli ya kila kitabu inashuka; Butiama ni kama kilomita 45 tu kutoka Musoma, na daladala zinakwenda kila siku.

"Nunua viwili upate cha tatu" ina mahali pake, ila pamoja tu: vitabu ulivyonunua taslimu vikagoma. Ulivyochukua kwa mali kauli virudishe kwa mwenyewe, usivigawe. Na ukiona mahali kitabu cha fasihi kinauzwa kwa bei ambayo hata kiwandani hakitoki, angalia karatasi na gundi. Hiyo ni nakala ya wizi, na anayeilipia ofa hiyo ni mwandishi.

Najua wenye maduka watasema kusoma vitabu vyote vya dukani ni kazi. Ni kazi kweli. Lakini vitabu vya kiada, biashara iliyofunguliwa kwa wachapishaji binafsi mwaka 1991, vilirudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania zaidi ya miaka kumi iliyopita na vinapelekwa shuleni bila kupitia kwenye kaunta yao. Kilichobaki ni vitabu ambavyo hakuna anayemlazimisha mtu kununua, na hivyo havijiuzi. Soma viwili kwa mwezi, andika mistari minne kwenye kipande cha karatasi, kibandike kwenye rafu, na ulete vitabu mbele ya kaunta ambako mtu anaweza kuvishika. Nawe msomaji, safari ijayo ukiingia dukani Bweri au Bunda stendi, kabla hujaomba kupunguziwa bei, muulize muuzaji amesoma nini mwezi huu.