Je, Wajua? Kisukari Huwadhoofisha Hata Mafundi wa Mishipa

Je, wajua kwamba ndani ya damu yako zimo seli zinazokarabati mishipa ya damu yenyewe? Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba mshipa mpya kwa mtu mzima huchipua kutoka kwenye mshipa wa zamani, basi. Mwaka 1997 Takayuki Asahara na Jeffrey Isner, waliokuwa wakifanya kazi Boston, Marekani, walichapisha katika jarida la Science habari iliyowashtua wengi. Katika damu ya watu wazima walikuwa wamepata seli changa ambazo, zikiingizwa kwa mnyama mwenye mguu uliokosa damu, husafiri mpaka pale palipoumia na kushiriki kujenga mishipa. Asili yake ni uloto, ule ute ulio ndani ya mifupa. Mafundi hawa ni wachache mno kwenye damu, lakini tangu siku hiyo watu wakaanza kuuliza: mbona tusiwachote kwa wingi na kuwapeleka kwenye mguu wa mgonjwa wa kisukari kabla haujakatwa?

Ili kuelewa uzito wa swali hilo, tazama kwanza sukari inafanya nini. Seli za misuli na za mafuta husubiri insulini ndipo ziingize glukosi kwa wingi. Seli zinazotanda ukuta wa ndani wa mishipa hazisubiri. Sukari ikizidi kwenye damu, huzidi na ndani yake, na haziwezi kuizuia. Mwaka baada ya mwaka, utando unaozishikilia huwa mnene na damu hupita kwa shida. Katika retina ya jicho kuna seli nyingine zinazoukumbatia mshipa mwembamba kwa nje, na hizo hufa mapema kabisa. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani waliziweka chini ya hadubini retina za watu waliofariki wakiwa na kisukari. Kwenye kuta za mishipa waliona nafasi tupu pale seli hizo zilipokuwa zimekaa.

Mishipa pia haisahau. Kati ya mwaka 1983 na 1993, watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza walifuatiliwa Marekani na Kanada. Nusu walidhibiti sukari kwa makini sana, nusu kwa utaratibu wa kawaida wa enzi hiyo. Baada ya hapo wote walifundishwa ule udhibiti wa makini, na viwango vyao vya sukari vikakaribiana. Hata hivyo, kwa miaka mingi iliyofuata, waliowahi kudhibiti mapema waliendelea kuumia macho na figo kidogo kuliko wenzao.

Je, wajua kwamba kisukari hukosea pande mbili kwa wakati mmoja? Kwenye jicho huotesha mishipa kupita kiasi, mishipa dhaifu inayovuja damu na kuleta upofu. Kwenye mguu wa mtu yuleyule mishipa hugoma kuota, na kidonda kidogo cha kiatu hukaa miezi bila kupona. Ndiyo maana daktari wa macho humchoma mgonjwa sindano ya kuzuia mishipa isiote, ilhali daktari wa miguu anatamani dawa ya kuiotesha. Tiba yoyote ya seli shina, yaani seli changa kama zile za uloto, lazima ikumbuke jicho hilo wakati inapouhudumia mguu.

Jaribio lililowasha matumaini lilifanyika Japani, likachapishwa mwaka 2002 katika jarida la Lancet. Kundi moja lilikuwa na wagonjwa 22 walioathirika miguu yote miwili. Walichotwa uloto kwenye mfupa wa nyonga, seli zake zikachujwa, kisha zikadungwa sehemu nyingi kwenye shavu la mguu mmoja. Mguu wa pili ulidungwa seli za damu ya kawaida. Mguu uliopewa uloto ulipata damu zaidi, maumivu yakapungua, na mgonjwa akaweza kutembea muda mrefu zaidi bila kusimama. Majaribio ya namna hiyo yakaenea nchi nyingi.

Kisha yakaja majibu ya Uholanzi. Jaribio lililofanyika Utrecht na kuchapishwa mwaka 2015 lilihusisha wagonjwa 160 wenye miguu iliyokosa damu vibaya, baadhi yao wakiwa na kisukari. Baadhi waliingiziwa seli za uloto wao wenyewe kupitia mshipa mkubwa wa paja, wengine walipewa dawa isiyo na seli hizo, na hakuna mgonjwa aliyejua yuko upande upi. Seli hazikuwapunguzia kukatwa miguu.

Kwa nini? Hapa ndipo penye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Mafundi wenyewe ni wagonjwa. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba seli hizi zikitoka kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya pili huongezeka kwa uvivu na hushindwa kujiunga vizuri kutengeneza mishipa. Baadaye kundi la Padova, Italia, liliongeza jingine. Mtu mwenye afya akidungwa homoni inayochochea uloto, seli shina humiminika kwenye damu yake. Mwenye kisukari akidungwa homoni ileile, hutoka chache. Kwa panya wenye kisukari ilionekana kwamba mishipa ya fahamu ndani ya uloto hunyauka, na hilo hutokea kabla macho hayajaharibika. Kwa hiyo ukimchota mgonjwa uloto wake ili umtibu nao, unachota kile ambacho sukari imeshakidhoofisha.

Je, wajua pia kwamba seli nyingi zinazodungwa hufa ndani ya siku chache? Chache sana hugeuka kuwa mshipa. Kazi kubwa huifanya kwa kutoa kemikali zinazoziamsha seli za jirani. Ndiyo sababu baadhi ya wanasayansi sasa hutafuta kutumia kemikali hizo bila seli.

Njia nyingine ni kutengeneza mafundi wapya kabisa. Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha mwaka 2006 kwa panya, na mwaka 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa kwenye hali ya uchanga. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Mwaka 2019 maabara ya Josef Penninger huko Vienna, Austria, ilitumia seli za namna hiyo kukuza vibonge vidogo vya mishipa halisi ya binadamu. Walipoviweka kwenye sukari nyingi pamoja na kemikali za uvimbe, kuta zake zilinenepa kama za mgonjwa. Dawa za kisukari walizozijaribu hazikuzuia unene huo, lakini kemikali moja inayokata mawasiliano fulani kati ya seli iliuzuia. Bado ni kazi ya maabara, ila ugonjwa huu umeonekana ukianza kwenye mshipa wa binadamu nje ya mwili.

Wapo wanaouza tiba hii kabla haijaiva. Mwaka 2015 huko Florida, Marekani, wanawake watatu walilipa dola 5,000 kila mmoja wakadungwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao. Walikuwa na ugonjwa wa retina unaowapata wazee, wala si kisukari. Wote watatu waliharibikiwa macho vibaya. Mtu akikutoza pesa kukuingiza kwenye "utafiti", muulize kibali. Tanzania utafiti wa tiba hupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Muhimbili na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma hupandikiza uloto kweli, lakini kwa magonjwa ya damu kama saratani na selimundu.

Wakati huohuo miguu inaendelea kukatwa. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari Tanzania waliotafunwa miguu na panya usiku wakiwa usingizini. Mishipa ya fahamu ilikuwa imekufa ganzi, hawakuhisi. Kuipima ganzi hiyo hakuhitaji mashine. Mwombe mama au babu mwenye kisukari avue viatu na afumbe macho. Mguse taratibu kwa ncha ya kidole, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza, kwenye kidole gumba cha mguu, cha katikati na cha mwisho, miguu yote miwili. Asipohisi mahali pawili au zaidi kati ya sita, mpeleke kliniki ya kisukari wiki hiyohiyo, na kuanzia usiku huo alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, panya wasimfikie.