Ugonjwa wa SS: si uchawi, wala si kosa la mama

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Mpenzi msikilizaji, uwe kambini Gasorwe huko Muyinga au mjini Gitega, karibu. Leo tunazungumzia selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tuliotoka Kongo tunauita SS.

Pengine una mtoto ambaye vidole vyake vilivimba akiwa mchanga, macho yake yana umanjano, na usiku analia kwa maumivu ya mifupa. Majirani wananong'ona kwamba amerogwa. Ukweni wanasema damu mbaya imetoka kwa mama. Yote mawili si kweli.

Mwili hujengwa kwa maelekezo yanayoitwa jeni. Kila mtoto hupata nakala mbili: moja ya baba, moja ya mama. Jeni mojawapo huelekeza jinsi ya kutengeneza hemoglobini, inayoipa damu wekundu na kubeba hewa safi. Nakala moja ikiwa na kasoro, mtu ni AS: si mgonjwa. Zikiwa na kasoro zote mbili, ni SS: chembe za damu hujikunja kama mundu na kukwama katika mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu huanza. Baba na mama wakiwa AS wote wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS. Wazazi wamechangia sawasawa, bila kujua.

Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba kuwa AS hukinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hii imeenea kwetu. Lakini mtoto wa SS akipata malaria, yuko hatarini sana.

Ufanye nini? Kama ulizoea joto la Uvira au Fizi, unajua usiku wa milima ya huku ulivyo. Baridi huamsha maumivu. Mvalishe sweta na soksi, mpe maji mara kwa mara, alale ndani ya chandarua. Dawa za kila siku asiziache hata akiwa mzima.

Akipata homa, akipumua kwa shida, tumbo likivimba ghafla, akipauka, au mkono au mguu ukilegea, usisubiri kukuche. Mpeleke kituo cha afya, na useme mlangoni: "Ana SS."

Nawe baba, kabla ya kumlaumu mkeo, nendeni wote wawili mkapime damu.

(Muziki.)