Mashindano ya Watengeneza Chipu na Kompyuta Tunazonunua Kariakoo

Mwaka jana tulitumwa Kariakoo kununua kompyuta mbili kwa ajili ya ofisi ya parokia tunakofanyia utume wa mwisho wa juma. Fedha zilichangwa na Jumuiya Ndogondogo kwa miezi kadhaa. Wengine walitoa shilingi elfu kumi, wengine mia tano. Katekista alizihesabu mbele ya Paroko, akatusainisha, kisha akasema: “Mafrateri, hili ni jasho la watu. Msituletee mapambo.”

Winga mmoja alitudaka Mtaa wa Msimbazi hata kabla hatujavuka barabara. Akatupandisha ghorofani, kwenye duka la kompyuta zilizotumika ng’ambo, na hapo tukauziwa mashine mbili zenye kibandiko cha Core i7. “Hii ndiyo kubwa yao, mafrateri. Hiyo i5 waachieni wanafunzi.” Tuliamini. Kwani saba si kubwa kuliko tano?

Wiki mbili baadaye, katibu wa parokia alijaribu kuweka Windows 11 katika mashine zote mbili. Zote zilikataa, zikasema prosesa haifai. Tuliporudi dukani tulioneshwa maandishi madogo chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Makala haya yametokana na aibu hiyo. Tulipoanza kuuliza kwa nini i7 yetu ilishindwa wakati i5 ya jirani inakubali, tulijikuta tunasoma habari za ugomvi wa kibiashara wenye umri wa zaidi ya miaka 50, ambao matokeo yake yamejaa kwenye makabati ya vioo ya Kariakoo.

Chipu ni nini?

Chipu ni kipande chembamba cha silikoni, madini yanayopatikana kwa wingi katika mchanga, ambacho juu yake zimechorwa swichi ndogo mno ziitwazo transista. Kila swichi inafanya kazi moja tu: kuwaka au kuzima. Ukiziunganisha nyingi, zinaweza kuhesabu, kulinganisha na kukumbuka. Chipu inayoongoza kazi zote za kompyuta ndiyo tunayoiita prosesa. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300. Chipu kubwa za leo zinahesabiwa kwa makumi ya mabilioni.

Kazi hiyo inahitaji mtaji mkubwa. Kiwanda kimoja cha kisasa hugharimu mabilioni ya dola, na baada ya miaka michache mitambo yake inakuwa imepitwa na wakati. Ndiyo maana washindani ni wachache, na anayekosea hatua moja anaweza kulipia kosa hilo kwa miaka kumi.

Ndugu waliotoka nyumba moja

Intel ilianzishwa mwaka 1968 na Robert Noyce na Gordon Moore. AMD ilianzishwa mwaka uliofuata na Jerry Sanders na wenzake. Waanzilishi wa kampuni zote mbili walitoka katika kampuni moja ya California, Fairchild. Ni kama vijana waliojifunza kazi kwa fundi mmoja, kisha kila mmoja akafungua banda lake mtaa uleule.

Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake binafsi ikitumia prosesa ya Intel. IBM haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja, kama vile mama lishe mwenye busara asivyomtegemea muuza mkaa mmoja. Basi mwaka 1982 Intel na AMD walikubaliana kwamba AMD nayo itengeneze prosesa za aina hiyo. Biashara ilipokua, Intel ilitaka kubaki peke yake. Kesi zilianza mwaka 1987 na hazikumalizika hadi 1995, AMD ikabaki na haki ya kuendelea kutengeneza prosesa zinazoendesha programu zilezile.

Mwaka 2003 AMD ilitoa prosesa za Opteron na Athlon 64, zilizoipita Intel katika mambo kadhaa. Hata hivyo watengenezaji wakubwa wa kompyuta walisita kuzinunua. Mwaka 2005 AMD ilikwenda mahakamani ikidai Intel inawapa wateja punguzo kwa sharti la kutonunua kwa mshindani. Mwaka 2009 Intel ilikubali kuilipa AMD dola bilioni 1.25 ili kumaliza kesi. Mwaka huohuo Tume ya Ulaya iliitoza Intel faini ya euro bilioni 1.06. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliitengua faini hiyo mwaka 2022, na mwaka 2023 Tume ikatoza faini ndogo zaidi kwa sehemu ya makosa ambayo hukumu haikuyafuta.

Jirani anapofifia

Kila anayenunua Kariakoo anaijua kanuni hii: maduka mawili yanayotazamana yakiuza kitu kilekile, bei inashuka na lugha inakuwa tamu. Moja likifungwa, lililobaki linaanza kukuambia, “Bei ndiyo hiyo.”

Ndivyo ilivyotokea. AMD ilikuwa imenunua kampuni ya ATI mwaka 2006 kwa dola bilioni 5.4, ikajitwisha deni zito. Mwaka 2009 ilivitenga viwanda vyake kuwa kampuni nyingine, GlobalFoundries. Mwaka 2013 iliuza majengo yake ya Austin, Texas, kwa dola milioni 164, kisha ikabaki humohumo kama mpangaji. Mwaka 2015 hisa yake moja ilishuka chini ya dola 2.

Katika miaka hiyo Intel haikuwa na wa kuikimbiza. Ilitoa kizazi kipya karibu kila mwaka, lakini prosesa nyingi za kompyuta mpakato, ziwe i5 au i7, zilibaki na viini viwili tu. Kiini ni sehemu ya prosesa inayofanya hesabu. Viini vingi ni sawa na wapishi wengi jikoni. Mashine tulizouziwa sisi zilikuwa na i7-4600U ya mwaka 2013: jina kubwa, wapishi wawili.

Mwaka 2014 Lisa Su alichukua uongozi wa AMD, na Machi 2017 kampuni hiyo ikatoa prosesa za Ryzen. Ryzen 7 ilikuwa na viini vinane kwa bei isiyozidi dola 499, wakati prosesa ya Intel yenye viini vinane iliuzwa zaidi ya dola 1,000. Kabla mwaka huo haujaisha, Intel ilitoa kizazi cha 8. Ghafla i5-8250U ya kompyuta mpakato ikawa na viini vinne, mara mbili ya i7 yetu.

Hapo ndipo tulipoelewa kosa letu. Namba 3, 5 na 7 huonesha daraja ndani ya kizazi kimoja tu. Kulinganisha i7 ya kizazi cha 4 na i5 ya kizazi cha 8 ni kama kumlinganisha kiranja wa darasa la nne na mwanafunzi wa kawaida wa darasa la nane. Tena Microsoft ilipotoa Windows 11 iliweka mpaka karibu palepale: Intel kuanzia kizazi cha 8 na Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000, isipokuwa chache. Tarehe 14 Oktoba 2025 ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Mashine za chini ya mpaka huo hazikufa siku hiyo, ila thamani yake ilishuka, na nyingine zipo sokoni zikimngoja mnunuzi asiyeuliza.

Fundi asiye na duka

AMD ilifufukaje bila viwanda? Jibu lipo Taiwan. Mwaka 1987 Morris Chang alianzisha TSMC, kampuni inayotengeneza chipu za wengine bila kuuza za kwake. Mfikirie fundi cherehani anayeshonea maduka yote ya mtaa lakini mwenyewe hana duka. Kila mwenye duka anamwamini kwa sababu hatamnyang’anya wateja, na kwa kushonea wengi mkono wake unazidi kuwa mwepesi.

Intel ilishika njia ya kubuni na kutengeneza yenyewe. Ilipochelewa kwa miaka kadhaa kukamilisha teknolojia yake ya nanomita 10, TSMC ilikuwa imeshatangulia, na mwaka 2019 AMD ikauza prosesa zilizotengenezwa huko kwa nanomita 7. Apple nayo ilianza kuiacha Intel mwaka 2020 ikaweka chipu zake yenyewe katika kompyuta zake. Februari 2022 thamani ya AMD katika soko la hisa iliipita ile ya Intel kwa mara ya kwanza. Mwaka 2024 Intel ilipata hasara ya dola bilioni 18.8, ikatangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 15,000 na kusimamisha gawio kwa wenye hisa. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilichukua takriban asilimia 10 ya hisa zake.

Aliyepita pembeni

Wakati hao wawili wakivutana, wa tatu alipita pembeni. Nvidia ilianzishwa mwaka 1993 kwa ajili ya chipu za picha za michezo ya kompyuta. Chipu hizo hufanya hesabu ndogondogo nyingi kwa wakati mmoja, na baadaye ikaonekana kwamba akili mnemba inahitaji hesabu za aina hiyohiyo. Katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2025 Nvidia iliuza bidhaa za dola bilioni 130.5, na Oktoba 2025 thamani yake ilifika dola trilioni 5.

Papa Leo XIV, akizungumza na makardinali tarehe 10 Mei 2025, alieleza kwamba moja ya sababu kuu za kuchagua jina lake ni Leo XIII, aliyeandika Rerum Novarum wakati wa mapinduzi ya viwanda. Leo Kanisa linakabili mapinduzi mengine, pamoja na akili mnemba. Sisi tuliligusa jambo hilo mfukoni. Watengeneza chipu za kumbukumbu wameelekeza nguvu nyingi kwa mashine za akili mnemba, na mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda duniani kote.

Na simu?

Kwenye simu majina ni mengine. Qualcomm ya Marekani, MediaTek ya Taiwan na Unisoc ya China ndizo zinazogombania simu nyingi za Android. Tecno, Infinix na itel, zinazoonekana kila kona ya Kariakoo, zote ni za kampuni moja ya China, Transsion, na nyingi hutumia chipu za MediaTek au Unisoc. Hivyo mtu anayehama kutoka Tecno kwenda Infinix akidhani amehama kampuni, amehama chumba tu ndani ya nyumba ileile.

Kabla hujalipa

Kwanza, soma namba nzima ya prosesa. Kwa Intel za mtindo huo, tarakimu inayofuata kistari huonesha kizazi: i5-8250U ni cha 8, i7-4600U ni cha 4. Kuanzia kizazi cha 10, soma tarakimu mbili: i5-10210U ni cha 10.

Pili, usiamini kibandiko. Kinabanduka na kubandikwa. Washa mashine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha soma mwenyewe jina la prosesa na kiasi cha RAM.

Tatu, usiidharau AMD kwa sababu jina lake halijazoeleka kwa muuzaji. Ryzen 5 ya miaka ya karibuni inaweza kukupa kazi ileile kwa fedha kidogo.

Nne, sema kazi yako kabla ya kutaja fedha yako. Ofisi inayoandika vyeti vya ubatizo na hesabu za zaka haihitaji mashine ya kuchezea michezo. Na kabla ya kulipa, kubalianeni kwa maandishi muda wa kurudisha mashine ikiwa na kasoro.

Zile mashine mbili hatukuzitupa. Fundi mmoja alituwekea Linux bila malipo, na sasa zinatumika kwa kuandika na kuchapa. Lakini tulikuwa tumeahidi kitu kingine, kwa hiyo Jumapili iliyofuata tulisimama baada ya matangazo tukawaeleza waamini tulichonunua na tulipokosea. Tuliogopa minong’ono. Baada ya Misa bibi mmoja wa jumuiya alitusogelea, akauliza swali moja tu: “Sasa mwanangu, hiyo namba ya kizazi inaandikwa wapi? Mjukuu wangu anakwenda Kariakoo kesho.”