Jiwe la Fort Jesus lililowataja watu wa bara

Juu ya lango la Fort Jesus, Mombasa, pana maandishi ya Kireno yaliyochongwa mwaka 1639. Yaeleza kuwa Francisco de Seixas de Cabreira alifanywa kapteni wa ngome hiyo mwaka 1635, akiwa na umri wa miaka 27, akaijenga upya. Miaka minne kabla, Yusuf bin Hassan alikuwa ameiteka na kuwaua Wareno waliokuwamo.

Yanayofuata ni majivuno matupu. Kapteni ajisifu kwa kubomoa kuta za Pate na Siyu, kuwaua wakuu wa Pemba, na kuwaadhibu watu awaitao Musungulos. Hao ndio waliokaa bara, ng'ambo ya kisiwa, na wanahistoria wengi huwahusisha na mababu wa Wamijikenda.

Jiwe halisemi kwamba Wareno hao hao waliwapa Musungulos nguo ili wapate amani. Wala halisemi kwamba mwaka 1614 waliwahonga wamuue Sultani Hassan bin Ahmad, babake Yusuf, aliyekuwa amekimbilia kwao Rabai. Na katika maandishi yote hayo, hakuna mtu hata mmoja wa bara aliyetajwa kwa jina lake.